Tangi Lililokataa Kujaa

Kaeni, wapendwa, kaeni. Mama mwenye mtoto hapo mlangoni, ingia tu, benchi la mbele lina nafasi. Benchi la mbele la kanisa hili lina nafasi tangu siku niliyofika.

Ninyi ni watu wa viazi na kabichi. Nikianza kuwafundisha habari za jembe mtanicheka. Kwa hiyo leo nitawaambia habari za boti. Kabla ya kuletwa huku kwenye baridi nilitumika miaka sita pembeni ya ziwa, na kule mtu asiyejua boti ni kama mtu wa hapa asiyejua koti.

Kulikuwa na nahodha mmoja kule, jina lake Msira. Alikuwa na boti ndogo yenye injini nyuma. Kila Alhamisi kazi yake ilikuwa moja: kumvusha nesi kwenda kwenye kisiwa ambacho hakina zahanati. Nesi huyo aliitwa Adventina, mwanamke wa Kihaya, mpole wa sauti na mkali wa saa. Alibeba sanduku la barafu lenye chanjo za watoto. Akina mama wa kisiwani walikuwa wanakaa ufukweni tangu asubuhi, kila mmoja na mtoto wake, macho kwenye maji. Boti ikichelewa, barafu inayeyuka. Barafu ikiyeyuka, chanjo inaharibika, na mama anarudi nyumbani na mtoto kama alivyokuja.

Msira alikuwa mtu mzuri. Sitaki mtu atoke hapa aseme mchungaji kamsema vibaya Msira. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na kwenye kwaya aliimba besi mpaka madirisha yakatetemeka. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Akishaanza kusema, hakuna mwingine anayepata nafasi ya kusema. Mnawajua watu wa namna hiyo? Msigeuke kuangaliana, nijibuni mimi.

Basi, Alhamisi moja, siku chache baada ya kuipaka boti yake rangi mpya ya bluu, Msira alisogea ufukweni kujaza petroli. Mafuta pale yaliuzwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Maregesi. Alikuwa na pampu yake na mpira mrefu unaofika mpaka majini. Sasa, tangi la boti ile huwezi kuliona, liko chini ya sakafu. Unajazia kwenye tundu lililo pembeni, lenye kifuniko. Mama Maregesi akaingiza mdomo wa pampu, akabonyeza. Hazikupita hata lita tatu. Bwaaa! Petroli ikarudi juu, ikamwagikia blauzi.

Akasubiri povu litulie. Akabonyeza tena. Bwaaa! Akajaribu kidogo kidogo, tone kwa tone, kama anamnywesha mgonjwa uji. Hata hivyo ikarudi. Na nyuma ya Msira kulikuwa na foleni ya watu na madumu yao, na Nesi Adventina anaangalia saa.

"Mama, pampu yako ina nini leo?" Msira akauliza.

"Pampu haina neno, kaka. Nimetoka kujaza boti mbili sasa hivi. Hebu angalia tangi lako linapumulia wapi. Mafuta yakiingia, hewa inabidi—"

"Hewa! Kumbe ndiyo unayouza, hewa! Unatusukumia hewa na kutuhesabia mafuta!"

"Kaka Msira, nimalizie basi. Nilikuwa nasema hewa—"

"Usinifundishe boti. Wewe kazi yako ni kushika mpira. Wizi mtupu hapa!"

Wapendwa, kulikuwa na watu kumi na mmoja kwenye foleni ile. Wengine walicheka. Wengine walitazama chini. Mama Maregesi akafuta blauzi yake kwa upande wa khanga, akaning'iniza mpira mahali pake.

Alhamisi iliyofuata Msira akaenda kwa muuzaji mwingine, ng'ambo ya barabara, anayejaza kwa dumu na faneli. Je, huko tangi lilijaa? Halikujaa. Petroli ilirudi juu vilevile, ikamwosha muuzaji wa pili mikono yote miwili. Sasa ningekuwa mimi, ningekuwa wewe, tungesema: wauzaji wawili wamerudishiwa mafuta, labda kosa liko kwangu. Msira hakusema hivyo. Alisema kosa liko kwenye mpira mnene wa kujazia, ule wa boti unaotoka kwenye tundu la pembeni kwenda tangini. Akaubadilisha. Tangi likaendelea kutema. Akasema kosa ni kifuniko, kimelegea. Akanunua kipya, chenye raba ngumu, akakikaza kwa mikono miwili mpaka hata harufu ya petroli haikupita.

"Sasa imepona," akawaambia watu.

Haikuwa imepona. Kile kifuniko cha zamani, kwa ulegevu wake, ndicho kilichokuwa kinaisaidia boti isizimike njiani. Msira, kwa mikono yake, alikuwa amelifunga lile tangi kabisa. Lakini hakujua.

Alhamisi ya tatu wakaondoka, tangi likiwa limejaa zaidi kidogo ya nusu, maana ndipo uvumilivu wa Msira ulipoishia. Walipofika mahali ambapo kisiwa kinaonekana vizuri, unaweza kutofautisha nguo nyekundu na ya kijani kwa watu waliokaa ufukweni, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Msira akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Kimya. Akafungua plagi, akazifuta, akazirudisha. Akakagua chujio.

"Ni yale mafuta machafu ya yule mama!" akasema.

Nesi Adventina akamtazama. "Nahodha, si uliniambia siku hizi hununui kwake?"

"Ni ya zamani. Yamebaki chini."

Nesi aliinua kifuniko cha sanduku lake kidogo, akachungulia, akakirudisha haraka. "Mimi sijui mafuta," akasema. "Najua barafu. Hii haitufikishi adhuhuri."

Kwenye boti kulikuwa na kasia moja. Msira akashika kasia, nesi akang'oa ubao wa kukalia, na wote wawili wakaanza kupiga maji. Mmewahi kuona boti inapigwa kasia upande mmoja na ubao upande mwingine? Haiendi mbele. Inazunguka. Walizunguka pale kama kuku aliyefungwa mguu.

Kule ufukweni akina mama wakaona. Na hawa hawakuwa watu wa kukaa na kushangaa, kwa sababu kilichokuwa kwenye boti ile kilikuwa cha watoto wao. Wawili wakawakabidhi wenzao watoto, wakajifunga khanga kiunoni, wakasukuma mtumbwi majini. Kabla barafu haijaisha walikuwa wamefika, wakawarushia kamba. Msira akasimama ili awaelekeze namna ya kufunga.

"Nahodha, kaa chini," mmoja akamwambia. "Abiria wetu hawasimami."

Akakaa. Wakawavuta mpaka nchi kavu, mwendo wa polepole, wakiimba. Nesi akafungua sanduku: vipande vya barafu vilikuwa bado vinaelea. Akashukuru Mungu kwa sauti, akatandika meza yake, akaanza kuita majina. Siku ile hakuna mtoto aliyerudi bila chanjo. Kwa hiyo pumueni, hakuna atakayelia kwenye hadithi hii isipokuwa watoto waliochomwa sindano.

Msira alibaki na boti yake, ameshika spana, anaisema. Akasogea mwanamume mmoja aliyeitwa Magafu, fundi wa mashine za kusaga. Alikuja na mkewe kuleta mapacha. Mkewe amebeba mmoja, yeye amebeba mwingine.

"Pole, nahodha. Naomba nifungue kifuniko cha mafuta."

"Nimeshakagua kila kitu, fundi. Plagi, chujio, mpira wa—"

"Kifuniko umefungua?"

Msira akanyamaza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Magafu akahamishia mtoto mkono wa kushoto, akashika kifuniko kwa mkono wa kulia, akakizungusha.

Fyuuuuuu!

Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyezama anayeibuka majini. Mtoto akashtuka, kisha akacheka.

"Sasa washa," Magafu akasema.

Msira akavuta kamba mara moja. Injini ikanguruma!

Watu wakapiga makofi. Kuzungukazunguka kote kule majini, na kilichohitajika kilikuwa kufungua kifuniko.

"Tangi lako halipumui," Magafu akamwambia. "Injini ilikuwa inavuta petroli, na hewa haina pa kuingilia kushika nafasi yake. Mwisho ikashindwa. Na ukijaza, nadhani linakutemea?"

"Linatema sana. Umejuaje?"

"Ni jambo hilohilo. Hewa iliyomo ndani haina pa kutokea."

Wapendwa, kila mmoja wenu amewahi kujaza chupa ya mdomo mdogo kwenye ndoo ya maji. Inafanyaje? Gulu, gulu, gulu. Maji yanataka kuingia, hewa inataka kutoka, na mlango ni mmoja. Ndiyo maana boti ina mpira mwembamba unaotoka juu ya tangi mpaka kwenye tundu dogo ubavuni, ili mafuta yaingie huku na hewa itokee kule. Tangi la Msira halikuwa tupu, kama alivyodhani. Lilikuwa limejaa pomoni. Lilijaa hewa.

Magafu akaufuata ule mpira mwembamba kwa vidole mpaka ubavuni mwa boti. Akapapasa kwa nje akitafuta tundu. Hakuna tundu. Ubavu laini, rangi ya bluu safi, inang'aa. Akaomba msumari, akakwangua. Rangi ikabanduka, na nyuma yake kukawa na kitambaa kimegandamana na tundu. Akakivuta taratibu kikatoka, kirefu kama kidole cha kati, kigumu kama kuni.

Hapo Msira akalipuka. "Mnaona? Mnaona roho za watu? Huyu ni yule wa boti ya jirani! Alikuwa anaitamani kazi hii! Nitampeleka kwa mwenyekiti, nitampeleka polisi, nitam—"

Nesi Adventina alikuwa ameinamia paja la mtoto na sindano mkononi. Hakuinua hata kichwa.

"Nahodha, boti hii alipaka rangi nani?"

"Mimi."

"Na kabla ya kupaka, lile tundu uliliachaje?"

Wapendwa, Msira akaiweka chini ile spana. Mnajua ile sura ya mtu anayekumbuka jambo ambalo hataki kulikumbuka? Msira alikumbuka. Alikuwa ameliziba yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa, rangi isiingie ndani. Alisema atakitoa kitambaa baadaye. Akaenda kula. Aliporudi akapaka rangi juu yake.

Akakaa mchangani. Mama mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, na muda si muda ufuko mzima ulikuwa unacheka, mpaka Msira naye akashindwa kujizuia. Alicheka kwa ile besi yake, watoto waliolala wakaamka.

Lakini wakati wa kurudi hakucheka. Injini ilikwenda vizuri, na sauti ya Mama Maregesi ikamrudia kichwani. *Mafuta yakiingia, hewa inabidi—* Sasa alijua ile sentensi ilikuwa inakwenda wapi. Mama alikuwa na jibu mdomoni tangu siku ya kwanza. Msira alimnyima nafasi ya kulitoa, kisha akamwita mwizi.

Alipofika akaenda moja kwa moja kwenye pampu ya yule mama. Mama Maregesi alipomwona, akasimama wima kama mtu anayesubiri mvua ya mawe. Msira akasema tu, "Nijazie, mama." Mama akajaza. Petroli iliingia kimya, haikutema hata tone, mpaka tangi likajaa. Msira akafunga kifuniko, akawasha injini, akaondoka.

Ndiyo. Akaondoka! Alijisemea moyoni: mama ameona mwenyewe limejaa, ni mtu mzima, ataelewa. Maneno ya nini tena?

Nani kati yetu hajawahi kuondoka hivyo? Umemkosea mkeo, unarudi na nyama kilo mbili, unaiweka mezani, unasema ataelewa. Ataelewa nini? Ataelewa kwamba leo kuna nyama.

Msira hakufika mbali. Alizima injini, akakaa kidogo, akageuza boti. Akashuka, akasimama mbele ya wateja waliokuwepo, akasema, "Mama Maregesi, nilikuita mwizi. Hukuiba. Boti yangu niliiziba mwenyewe, na wewe ulitaka kuniambia nikakukatiza. Nisamehe."

Mama Maregesi akamjibu, "Nimekusamehe, kaka. Lakini siku ile uliyasema mbele ya watu kumi na mmoja. Leo wapo wanne tu, na naona ni walewale wa siku ile. Hao saba wengine je? Wengi hawajarudi hapa tangu siku ile."

Mnasikia neno hilo? Ningekuwa mimi ningesema, mama, msamaha si umeshatoa, yaishe. Msira alisema, "Nitawatafuta."

Na akawatafuta. Mmoja alimkuta sokoni, mwingine kwenye msiba, mwingine juu ya bati anaezeka, akamwambia akiwa palepale juu. Kila mmoja alimwambia maneno yaleyale: yule mama hakuiba, kosa ni langu. Akafikisha watu sita. Wa saba alikuwa amehama. Alikuwa amehamishwa kikazi, mbali sana, kwenye milima ya baridi.

Mnanitazama. Ndiyo. Wa saba ni mimi.

Nilikuwa kwenye foleni ile na dumu la petroli ya jenereta ya kanisa. Simu ya Msira ilinikuta hapa, nikiwa napalilia kabichi zenu. Akaniambia habari yote niliyowaambia, na mwisho akasema, "Nimeona nikupigie, mchungaji. Yule mama hakuiba."

Nikamjibu kwa sauti yangu nzuri ya kichungaji, "Asante, ndugu yangu. Nimekusamehe."

Akasema, "Sikukukosea wewe, mchungaji. Nilimkosea yeye. Na wewe je?"

Kisha akaniaga.

Wapendwa, nilisimama na jembe langu sijui nifanye nini nalo. Kwa sababu siku ile sikutukana mtu. Nilisikiliza tu. Nikasikia "mwizi", nikaamini, nikavuka barabara na dumu langu kwa muuzaji mwingine. Jioni nikamwambia mke wangu. Kesho yake nikamwambia mzee wa kanisa, tena nikaanza na maneno "sisemi kwa ubaya." Na Mama Maregesi alikuwa mshirika wangu. Jumapili ya kuagwa alinijia na mfuko wa samaki wakavu, akanipa mkono, na mimi nikampa ncha za vidole. Samaki wake tuliwala huku kwenye baridi, watamu, na kila nikitafuna nilimwita mwizi.

Na siku zilezile za kula samaki wake, niaminini, nilikuwa naamka alfajiri nafunga na kuomba: Bwana, nijaze. Nikasema mbona siku hizi sijazwi? Nikasema labda ni hali ya hewa ya huku. Nikasema labda ni ninyi!

Nilimpigia Mama Maregesi. Nikamwambia yote, la samaki pia. Akasema, "Mchungaji, nilikuona ulivyovuka na dumu lako. Nilijiambia, labda mbele ya pampu yangu kuna matope." Halafu akacheka, akaniuliza kama mke wangu ameshapata sweta.

Basi, sisi tuliokaa hapa. Kila Jumapili tunasimama, tunainua mikono, tunasema tujaze. Na Bwana anajaza, jamani! Hajawahi kufunga bomba. Lakini inaingia kidogo, inaturudia, inatumwagikia, tunakwenda nyumbani tukisema mahubiri ya leo hayakuwa na kitu, kwaya ya leo haikuimba vizuri. Tunahama kanisa, kule nako tunatema. Tunabadilisha kifuniko. Sisi si watupu, wapendwa. Tumejaa. Kuna neno halijatoka. "Nilikukosea," halijatoka. "Nilikusema," halijatoka. Na tundu la kutokea tuliliziba wenyewe, siku ileile tuliyokuwa tunajipendezesha, na tumepaka rangi nzuri juu yake, hata sisi wenyewe tukipapasa hatulioni tena.

Sasa nilikuwa nimepanga kwaya isimame iimbe wimbo wa kuomba kujazwa. Kwaya, kaeni kwanza.

Hapo nje, karibu na kengele, ndipo mahali pekee kwenye kilima hiki panapopatikana mtandao vizuri. Najua, maana huwa nawaona mkichungulia simu zenu pale wakati nahubiri. Leo nawaruhusu. Yupo mtu humu anayejua namba ya kupiga. Yupo ambaye hahitaji simu, kwa sababu anayemtafuta amekaa benchi la pili kutoka kwake. Mlango nimeuacha wazi, na baridi tutaivumilia.

Nendeni. Tutaimba mkisharudi.